Mgeni Kwenye Usukani: Tahadhari kwa Wapitao Handeni na Korogwe

Januari 13, 2025, huko Segera wilayani Handeni, watu waliokuwa wamekusanyika mahali pa ajali waligongwa na lori, na 11 kati yao walipoteza maisha. Miaka miwili kabla ya hapo, usiku wa Februari 3, 2023, basi dogo lililobeba jeneza na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilimanjaro liligongana na lori huko Magira Gereza, wilayani Korogwe. Waliofariki hawakupungua 17.

Segera ndipo barabara itokayo Chalinze inapogawanyika: tawi moja huenda Tanga, jingine hupita Korogwe na Mombo hadi Moshi na Arusha. Malori, mabasi, bodaboda na watembea kwa miguu huitumia njia hiyo pamoja, na watalii wanaojiendesha wenyewe kuelekea milima ya Usambara au Kilimanjaro hupita humo humo. Mgeni huyo yafaa azijue hatari tatu kabla hajawasha gari.

Ya kwanza ni mazoea. Tanzania, sawa na Kenya, Uganda, Zambia na Malawi, magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani hupita kulia. Akili huikumbuka kanuni mpya, lakini mikono hufuata desturi ya miaka mingi. Mtu huteleza hasa pale asipokuwa na gari la kumwongoza: anapotoka kituo cha mafuta alfajiri, au anapoingia barabarani baada ya chakula. Dawa yake ni nyepesi: abiria wa mbele aseme “kushoto” kila gari linapoondoka. Hata anayevuka kwa miguu atazame kulia kwanza, kwa kuwa huko ndiko gari la karibu linakotokea.

Ya pili ni uchovu. Safari ya Dar es Salaam hadi Arusha huzidi kilomita 600. Aliyeshuka kwenye ndege baada ya usiku wa kukesha asishike usukani siku hiyo. Atokaye Marekani huhitaji siku kadhaa kabla usingizi wake haujafuata saa za Afrika Mashariki. Baadhi ya dawa za mafua, mzio na kichefuchefu cha safari huleta usingizi; kwa hiyo mtoa dawa amwulize mgonjwa kama anaendesha gari, naye mgonjwa aulize hata asipoulizwa.

Ya tatu ni giza. Katika ukanda huu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na usiku huingia upesi. Lori lililoharibika laweza kuwa limesimama njiani bila taa, na mara nyingi onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Ukiyaona, punguza mwendo mara moja. Ni heri kulala Korogwe kuliko kuikimbiza safari usiku.

Sheria nayo haimbagui mgeni. Katika makazi ya watu mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Ulevi usizidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ingawa aliye salama zaidi ni asiyekunywa kabisa. Mikanda ifungwe, na kwa usalama hata walioketi nyuma waifunge, na anayepanda bodaboda avae kofia ngumu.

Ajali ikitokea, tukumbuke Segera: mwokoaji naye aweza kuwa majeruhi. Egesha gari nje ya barabara, washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbali pande zote mbili, na umwombe mtu awaonye wanaokuja. Wasiosaidia waondoke barabarani. Piga simu 112, ukitaja kijiji au alama iliyo karibu. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia. Majeruhi asivutwe wala kukalishwa, isipokuwa pana moto au hatari nyingine ya papo hapo. Akilazimika kuhamishwa, kichwa, shingo na mgongo vishikwe katika mstari mmoja. Mwendesha pikipiki asivuliwe kofia yake iwapo anapumua vizuri.

Kwa mhudumu wa afya anayempokea mgeni huyo, lugha isiwe kizuizi: tafuta kadi ya dawa anazotumia, mzio wake na namba ya ndugu, mambo ambayo kila msafiri apaswa kuyaandika na kuyabeba mwilini, si katika mzigo. Anayevuja damu nyingi, asidi ya traneksamiki humfaa ikitolewa mapema, ndani ya saa tatu tangu kuumia. Na dereva aliyepoteza fahamu kabla ya gari kuacha njia apimwe sukari na malaria pamoja na kuchunguzwa kichwa, kwani huenda ugonjwa ndio uliotangulia ajali.

Mgeni aliyekwisha kujiandaa humpunguzia kazi mhudumu wa Korogwe, naye mwenyeji ajuaye kuizuia barabara kabla ya kuinama kwa majeruhi huokoa maisha zaidi ya moja, pamoja na lake mwenyewe.