Mtoto anayejifunza kwenda chooni: tufanyeje tunapotoka nyumbani?

Mtoto wa miaka miwili ambaye ameshazoea poti yake huweza kumaliza wiki nzima nyumbani bila kulowesha nguo. Lakini siku mama anapompeleka Misa ya Jumapili, kliniki, harusini au kwa bibi yake mkoani, mambo hubadilika. Mtoto hujikojolea kwenye benchi, au hukataa kabisa kujisaidia mpaka jioni. Watu hugeuka kutazama, mama huona aibu, na mara nyingi mtoto huambulia kofi.

Wasomaji wapendwa, mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo hili. Wengine watasema ni dogo. Hata hivyo, likishughulikiwa vibaya huweza kumletea mtoto maradhi na woga wa muda mrefu, na likishughulikiwa vizuri halihitaji fedha nyingi wala utaalamu.

KWA NINI MTOTO HAWEZI KUJIKAZA

Kibofu cha mkojo cha mtoto wa miaka 2 hubeba takriban mililita 120, yaani chini ya nusu ya glasi ya kawaida ya maji. Kikikaribia kujaa, hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao ubongo huamuru misuli inayofunga njia ya mkojo ikaze au ilegee. Kwa mtu mzima mawasiliano hayo yamekomaa. Kwa mtoto mdogo bado ni mageni: anapotambua kwamba amebanwa, mara nyingi amebakiwa na dakika chache tu. Kwa hiyo mzazi anayemwambia, "Subiri kwanza Padre amalize mahubiri," anamdai mtoto jambo ambalo mwili wake haujaliweza.

Haja kubwa ni tofauti. Hiyo mtoto anaweza kuizuia, na ugenini watoto wengi huizuia kwa kuogopa choo wasichokijua. Kinyesi kikikaa muda mrefu katika utumbo mpana, maji yake hufyonzwa nacho huwa kigumu. Siku kinapotoka humuumiza mtoto, pengine hata kuchana ngozi ya njia ya haja kubwa. Mtoto huyakumbuka maumivu hayo, na kesho yake huzuia tena. Hivyo ziara ya siku 3 kwa ndugu inaweza kuanzisha tatizo la kufunga choo litakalodumu kwa miezi. Vilevile, kuzuia mkojo kila mara huchangia maambukizo katika njia ya mkojo, hasa kwa watoto wa kike.

UMRI GANI UNAFAA?

Wazazi wengi huulizana swali hili, na majibu hutofautiana. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,170 aliowafuatilia. Walianza kufundishwa walipofika karibu miezi 18, bila kulazimishwa, na kwa wastani waliweza kukaa kavu mchana walipokuwa na miezi 28 na nusu.

Tofauti na hao, mwaka 1977 ilichapishwa taarifa kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo alianza kumzoesha mtoto katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Alikaa chini na kunyoosha miguu, akampakata mtoto katikati na kumtolea sauti ya kumhimiza akojoe. Kufikia umri wa miezi 5 au 6, watoto hao walikuwa wakijisaidia mama anapowaweka mkao huo.

Fundisho tunalolipata si kwamba upande mmoja ni hodari kuliko mwingine. Mtoto wa Kidigo alikuwa karibu na mama yake mchana kutwa, na mama alizijua dalili zake kabla hajalia. Hilo ndilo linalokosekana ugenini. Mtoto hajasahau alichofundishwa nyumbani. Ni mtu mzima aliyekuwa akimwangalia ambaye sasa anaimba kwaya, anapokea wageni au anapanga bei sokoni. Dalili zilezile zipo: mtoto hunyamaza ghafla, hubana miguu, hujishika, hurukaruka au hujificha nyuma ya kiti. Hakuna wa kuziona.

Basi kabla ya kutoka, wazazi wakubaliane nani atamwangalia mtoto na kwa muda gani. Baba naye ahusike. Hakuna sababu ya kazi hii kuwa ya mama peke yake wakati wameondoka nyumbani wote wawili.

MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza, msimnyime mtoto maji ili asikojoe. Wapo wazazi wanaofanya hivyo kabla ya safari ndefu. Katika joto la ndani ya basi mtoto mdogo hupungukiwa maji mwilini upesi, mkojo wake huwa mkali, na choo huwa kigumu. Mpeni maji kidogo kidogo kila mara. Soda na chai ndizo za kupunguza.

Pili, msimpige wala kumtangaza mbele za watu. Kumwita "kikojozi" mbele ya binamu zake hakumfundishi kutaja haja, humfundisha kuificha.

Tatu, msimrudishie pampasi kama adhabu. Kama safari ni ya siku nzima na hakuna njia nyingine, si kosa kumvalisha. Mwelezeni kwa lugha ya kawaida: "Leo tuko kwenye basi, utavaa hii, tukisimama tutakwenda chooni." Kisha mtimize ahadi hiyo. Mtoto anayepelekwa chooni hata akiwa amevaa pampasi huendelea kujifunza.

KABLA YA KUONDOKA

Tumbo linapopokea chakula, utumbo mpana nao huamka. Ndiyo maana watoto wengi hupata haja kubwa ndani ya nusu saa hivi baada ya kula. Mzazi anaweza kuitumia tabia hiyo ya mwili. Mtoto anywe uji mapema, akalishwe kwenye poti dakika chache bila kuharakishwa, ndipo avalishwe nguo za kutokea. Kama hakupata kitu, asigombezwe.

Kuhusu nguo, suruali yenye mkanda na vifungo vingi hupendeza kwenye picha lakini humchelewesha mtoto. Bukta au suruali ya lastiki, au gauni na chupi nyepesi, ndiyo nguo ya mtoto anayejifunza. Katika mfuko wa mama tunashauri viwemo vitu hivi:

1. Chupi mbili au tatu na nguo moja ya kubadili.
2. Kanga kuukuu, ya kumsitiri na ya kukaushia.
3. Poti yake aliyoizoea, kama safari ni ya kulala.
4. Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko imara, ya kuwekea nguo zilizochafuka. Hii ni muhimu zaidi tangu Juni 2019, ambapo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania.
5. Chupa ya maji ya kunawa na kipande cha sabuni.

KANISANI, HARUSINI NA MSIBANI

Mkifika, jambo la kwanza liwe kumwonyesha mtoto choo kilipo, kabla hata ya kusalimiana na kila mtu. Aingie, akione, ajaribu. Choo alichokwisha kukiona hakimtishi sana kama kile anachopelekwa kwa kukimbizwa akiwa amebanwa tayari. Kisha kaeni pembeni, karibu na mlango, ili kutoka na kurudi kusisumbue watu. Mkumbusheni kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Msimuulize, "Una mkojo?" kwa sababu mtoto aliyenogewa na mchezo atajibu hapana. Semeni, "Sasa ni wakati wa kwenda chooni," na mwende naye.

Tunasisitiza neno "mwende naye." Katika mkusanyiko mkubwa, asipelekwe chooni na mtu msiyemfahamu vizuri, wala asitumwe peke yake na watoto wenzake. Mtoto wa umri huu huvuliwa na kusafishwa na mtu mzima. Mtu huyo na awe yule ambaye wazazi wanamwamini.

KATIKA BASI

Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita Morogoro, Dodoma na Singida, zaidi ya kilomita 1,100. Hakuna kibofu cha mtoto kinachoweza kungoja kituo cha chakula. Ni vizuri kukata tiketi ya viti vya mbele na kumweleza kondakta mapema kwamba mna mtoto mdogo. Kila basi linaposimama mteremsheni, hata kama amelala na hata kama hajaomba.

Wakati mwingine dereva husimama njiani abiria wakachimbe dawa. Hapo mtoto asiachwe ajisaidie nyuma ya gurudumu au pembeni mwa lami. Shukeni naye mkiwa mmemshika mkono, upande ule usio na magari yanayopita, mahali palipo wazi msipoweza kukanyaga nyoka. Akipata haja kubwa, chimbeni kishimo kwa kijiti, afanye humo, kisha mfukie. Palipo na choo, tumieni choo.

VYOO VYA UGENINI

Mtoto aliyezoea poti akikutana na choo cha shimo kwa mara ya kwanza, huona tundu jeusi, nzi na giza. Kuogopa kwake ni akili timamu, maana tundu kubwa kweli ni hatari kwa mtoto mdogo. Mshikeni kwapani kwa nyuma, miguu yake ikiwa imekanyaga mahali imara, mlango ukiwa wazi kidogo ili mwanga uingie. Akikataa kabisa, wekeni poti au karatasi kuukuu chini pembeni, ajisaidie hapo, kisha kinyesi kitupwe chooni. Choo cha kukaa nacho humtisha kwa sababu miguu huning'inia na maji hunguruma. Mshikeni kiunoni, na msivute maji mpaka atoke.

Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili vijidudu vya haja kubwa visifike kwenye njia ya mkojo.

KINYESI CHA MTOTO SI KISAFI

Bado kuna imani kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara kwa kuwa "anakula uji tu." Si kweli. Kinyesi hicho hubeba vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo kama cha mtu mzima, na mara nyingi hata zaidi, kwa sababu watoto wadogo ndio wanaougua kuhara mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuhara huua zaidi ya watoto 440,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Mzazi anayefungua dirisha la basi na kutupa pampasi kichakani anamwachia mtoto wa kijiji kile ugonjwa. Pampasi isitupwe pia katika tundu la choo cha mwenyeji, maana hukiziba na kukijaza upesi. Kinyesi kimwagwe chooni, na pampasi iwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka mpate pipa la taka.

Halafu mnawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, mzazi na mtoto. Kama kwa mwenyeji hakuna bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa: dumu dogo lililotobolewa, kamba na kijiti cha kukanyagia.

AKIJICHAFUA

Itatokea. Mtoeni nje bila kelele, mbadilisheni, na mseme kwa sauti ya kawaida, "Mkojo umetoka. Mara nyingine utaniambia, nitakupeleka." Basi, imetosha. Kama amelowesha benchi au kiti cha watu, mzazi aombe radhi na kupafuta mwenyewe. Nasi wengine tulioketi jirani tuna wajibu wetu. Mara nyingi kofi analopigwa mtoto hutokana na macho yetu kuliko kosa lake. Anayesogea kidogo na kumpa mama kitambaa amemsaidia mtoto yule kuliko anayeguna.

LINI MWENDE ZAHANATI

Kukojoa kitandani usiku kabla ya kutimiza miaka 5 si ugonjwa. Lakini mpelekeni mtoto kwa mganga akiwa analia anapokojoa au ana homa isiyoeleweka. Akitoa choo kigumu chenye damu, au kupitisha siku kadhaa bila choo huku tumbo likiuma. Mtoto aliyekuwa kavu kwa miezi mingi kisha akaanza kujikojolea tena, huku akinywa maji mengi na kukonda, apelekwe siku hiyohiyo, kwani huenda ni kisukari. Na kama amebadilika ghafla na anamwogopa mtu fulani, msikilizeni kwa utulivu na muombe msaada.

Mtoto akianza kuhara mkiwa safarini, wekeni mafunzo ya poti kando kwa siku chache. Mpeni maji ya chumvichumvi ya paketi, endeleeni kumnyonyesha au kumlisha, na mfike kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Wazee wetu husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wiki hii mnapojiandaa kutoka, anzeni na mambo mawili: amueni nani atamwangalia mtoto, na mkifika tu, mwonyesheni choo kilipo.