Mganga Anapolazimika Kujiganga

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hii imenirudia mara nyingi tangu Juni 2025, Tundu Lissu alipoiarifu mahakama jijini Dar es Salaam kwamba hawahitaji tena mawakili wake na kwamba angejitetea mwenyewe. Shtaka lake ni la uhaini. Nchini Tanzania, adhabu ya kosa hilo ni kifo, na mshtakiwa hana dhamana.

Lissu si mgeni kwetu. Alipomiminiwa risasi mjini Dodoma mnamo Septemba 7, 2017, alikimbizwa Nairobi, akatibiwa huku kwa miezi kadhaa kabla ya kupelekwa Ubelgiji. Pengine wasichokijua vijana wetu ni kwamba kabla ya siasa alikuwa wakili wa wanyonge. Akiwa katika shirika la mawakili wa mazingira, LEAT, aliwatetea wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa wa dhahabu. Baadaye akawa mbunge mwaka 2010, rais wa Chama cha Mawakili cha Tanganyika mwaka 2017, na mgombea urais mwaka 2020. Alitangazwa kupata asilimia 13 ya kura, matokeo aliyoyakataa. Januari 2025 alichaguliwa mwenyekiti wa Chadema.

Safari hiyo ina mantiki yake katika lugha. Neno wakili na neno mwakilishi ni ndugu wa shina moja lenye asili ya Kiarabu. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Mbunge au rais naye amekabidhiwa jambo la umma. Hata hivyo, wakili husema mbele ya mpinzani anayesubiri kulihoji kila neno lake, ilhali mwanasiasa husema mbele ya umati unaoshangilia. Anayevuka kutoka mahakamani hadi jukwaani hubadilisha wasikilizaji, na wasikilizaji wakibadilika, maana nayo huyumba.

Hapo ndipo penye kiini cha kesi hii. Upande wa mashtaka ulidai kwamba kwa maneno aliyoyatamka Aprili 3, 2025, Lissu alikusudia kuuzuia uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Miongoni mwa maneno yaliyonukuliwa ni kuhamasisha uasi na kukinukisha. Tuyatazame. Mtoto asiyewatii wazazi huitwa muasi. Askari aliyeelekeza bunduki kwa serikali yake huitwa muasi vilevile. Neno moja limebeba ukaidi wa nyumbani na vita vya msituni. Ama kukinukisha, kiambishi ki- hapo hakisimamii nomino yoyote iliyotajwa. Ni kitu gani kitakachonuka? Sarufi haijibu. Jibu liko katika nia ya msemaji na masikio ya msikilizaji.

Simtetei Lissu kwa kila alilolitamka. Aliyesomea uzito wa maneno hana budi kuyapima, na hukumu ni ya mahakama, si ya mwanaisimu. Ninalosema ni kwamba iwapo neno lenye maana mbili linaweza kumpeleka mtu kitanzini, basi taifa zima lina haki ya kusikia likijadiliwa hadharani. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, hatua ambayo Mahakama Kuu yetu, inayoendeshwa kwa Kiingereza, haijaifikia. Mwananchi wa kawaida aweza kuifuata hoja ya mshtakiwa bila mkalimani. Lakini lugha ya umma yafaa nini ikiwa umma umefungiwa mlango? Mei 2025, Martha Karua, wakili aliyewania urais wa Kenya mwaka 2013, na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga walizuiliwa kuingia Tanzania walipokwenda kuifuatilia kesi hiyo.

Chama chake nacho kilikuwa kimekwisha kuenguliwa uchaguzini kwa kutotia saini kanuni za maadili. Watanzania walipopiga kura Oktoba 29, 2025, Lissu alikuwa rumande. Mshindi alitangazwa kwa takriban asilimia 98. Siku hiyo maandamano yalizuka, na damu ikamwagika. Maneno yaliyoshindwa kupata jukwaa halali hayakutoweka. Yalitafuta njia nyingine.

Enyi walimu wenzangu, somo hili msiliache kwa wanasheria. Mnapofundisha viambishi na maana, waonyesheni wanafunzi kwamba uhai wa mtu waweza kuning'inia kwenye silabi moja. Nanyi wanafunzi, mgombea akija kwenu, mhojini kama wakili ahojivyo shahidi: umesema nini, umekusudia nini, ushahidi u wapi? Raia wakizoea kuuliza hivyo, mwanasiasa atajifunza kuupima ulimi wake jukwaani, na serikali itakosa kisingizio cha kuyapima maneno yake gerezani.