VALI YA USALAMA KATIKA MITAMBO YA MAFUTA

Mkaguzi wa vyama vya ushirika hutazamiwa kukagua vitabu, si mitambo. Lakini vitabu navyo hutoa habari za mitambo kwa yeyote avisomaye kwa makini. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, nilikuta ya kwamba kwa muda wa miaka miwili haukununuliwa hata mpira mmoja wa mafuta kwa ajili ya tela la kumwaga mizigo. Kisha ikanunuliwa pampu mpya ya trekta, na katika majuma tisa yaliyofuata ikanunuliwa mipira minne na sili za silinda mara mbili. Hati zote zilikuwa na saini, risiti zote zilikuwepo, na hesabu zilikubaliana hadi senti ya mwisho. Hati ya mwisho katika jalada hilo ilikuwa ya nauli ya kumpeleka utingo hospitali.

Nilipouliza, Katibu alinijibu kwamba mipira ya siku hizi ni mibovu. Ndugu wanachama, mipira ile haikuwa na ubovu wowote. Ili tufahamiane, hapana budi nieleze kwanza jinsi mtambo wa namna hii unavyofanya kazi.

Watu wengi hudhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza shinikizo. Sivyo. Pampu ya meno iliyo katika trekta husukuma mafuta tu: kila inapozunguka mara moja hutoa kiasi kile kile, ipende isipende. Shinikizo huzaliwa na kizuizi kilicho mbele yake. Tela likiwa tupu, mafuta hupita kwa wepesi na shinikizo huwa dogo. Tela likijaa mchanga uliolowa, hupanda. Na pistoni ikifika mwisho wa silinda huku dereva bado ameshikilia mkono wa kunyanyulia, mafuta hayana tena pa kwenda, na pampu haijui hilo. Ukiziba kwa kidole tundu la bomba la baiskeli, hewa iliyo ndani hukubali kubanwa. Mafuta hayakubali. Shinikizo litapanda kwa kufumba na kufumbua mpaka injini izimike, au kitu kipasuke.

Kazi ya vali ya usalama ni kuzuia jambo hilo. Yenyewe ni kitu kidogo, pengine cha ukubwa wa kidole gumba: gololi au kiziba cha chuma kilichokalia tundu, springi iliyokikandamiza kwa nyuma, skrubu ya kuikaza springi hiyo, na nati ya kuifunga skrubu isilegee. Mafuta husukuma kiziba kutoka upande mmoja, springi husukuma kutoka upande wa pili. Maadamu springi ina nguvu zaidi, tundu limefungwa. Shinikizo likipita kipimo kilichowekwa, kiziba huinuka, mafuta hupata njia ya kurudi tangini, nalo shinikizo haliendelei kupanda. Fikira hii ni ya zamani. Denis Papin, Mfaransa aliyeonyesha mjini London mwaka 1679 chungu chake cha kulainishia mifupa kwa mvuke, alikiwekea chungu hicho mlango mdogo ulioshikiliwa kwa uzani, ili mvuke ukizidi utoke wenyewe pasipo kukipasua.

Sasa tutazame tarakimu, kwa maana hapo ndipo hatari inapoonekana. Tuseme silinda ya tela ina kipenyo cha sentimita 10 kwa ndani. Eneo la pistoni yake ni kama sentimita za mraba 78.5. Vali ikiwa imewekwa kufunguka kwenye kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, silinda hiyo haiwezi kusukuma zaidi ya kilo 11,775, karibu tani 12. Dereva akiikaza skrubu mpaka shinikizo lifike kilo 250, silinda ile ile itasukuma tani 19 na nusu. Mipira, sili, egemeo za tela na fremu yake havikuambiwa habari za badiliko hilo. Vilitengenezwa kwa kipimo cha kwanza.

Kwa nini basi dereva aikaze? Kwa sababu tela limekataa kunyanyuka, na skrubu ile iko wazi, yahitaji spana moja tu. Lakini kupungua kwa nguvu kuna sababu nyingi: mafuta yamepungua, chujio limeziba, uchafu umekaa chini ya gololi na kuizuia isifunge sawasawa, springi imevunjika, au meno ya pampu yamelika. Katika hizo zote, hakuna hata moja inayoponywa kwa kukaza skrubu. Pampu iliyolika huyaachia mafuta yarudi nyuma kati ya meno yake kabla shinikizo halijafikia kipimo cha vali. Vali haijafunguka kabisa, hivyo kuikaza ni sawa na kuongeza kimo cha ukingo wa birika lililotoboka chini.

Hilo ndilo lililotokea katika chama nilichokitaja. Pampu ya zamani ilichoka. Dereva akakaza skrubu, asione faida. Akaikaza tena mpaka mwisho, akaiacha hapo wala asimwambie mtu. Baadaye Kamati ikaidhinisha pampu mpya, kwa haki kabisa, na fundi aliyeifunga hakuitazama vali kwa kuwa hakuitwa kwa ajili ya vali. Pampu mpya ilikuwa na nguvu zake zote, na mlango wa usalama ulikuwa umekomewa. Mpira wa kwanza ulipasuka siku ya tatu.

Mpira wa nne ulitoboka tundu dogo tu. Utingo alipitisha kiganja juu yake ili atafute mahali mafuta yanapovujia, akahisi kama amechomwa sindano. Hapakuwa na damu ya kutajika. Walimfunga kitambaa, akaendelea na kazi. Siku ya pili mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, na mwishowe alipoteza vidole viwili. Naomba kila katibu awasomee madereva na matingo wake maneno haya: mafuta yatokayo kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi, na kidonda huwa kidogo kwa nje ilhali ndani nyama inaharibika. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, na mganga aelezwe waziwazi kwamba ni mafuta ya mtambo yaliyoingia kwa shinikizo, kwa kuwa aghalabu jeraha hilo huhitaji kupasuliwa upesi na kusafishwa. Anayetafuta mvujo atumie kipande cha boksi, asitumie mkono kamwe. Na kabla ya kufungua mpira wowote, mzigo ushushwe chini na injini izimwe.

Iko pia kazi ambayo vali hii haiifanyi. Tela likiwa limenyanyuliwa na mkono umerudishwa katikati, mara nyingi mafuta yaliyo ndani ya silinda huwa yametengwa na vali kuu. Mpira ukikatika hapo, bodi itaanguka, na vali haitaweza kulizuia jambo hilo. Asiingie mtu chini ya bodi pasipo nguzo ya chuma ya kuikingia.

Kadhalika, dereva asizoee kushikilia mkono vali inapolia. Pampu itoayo lita 30 kwa dakika kwenye kilo 150 hutumia nguvu za farasi 10 hivi kuyapitisha mafuta katika tundu lile dogo, na nguvu hizo zote hugeuka joto. Tangi la lita 40 laweza kupanda digrii 6 kila dakika. Mafuta yaliyoungua huharibu sili, na sili hulipwa na wanachama.

Katika chama kile fundi mwingine aliita geji, akaifunga katika njia ya mafuta, akailegeza skrubu mpaka ikafika kwenye kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha trekta. Kisha akafunga nati na kutia waya wenye sili ya risasi. Kazi yote haikutimiza saa mbili. Tangu hapo sijakuta hati ya mpira mwingine katika jalada lao, ingawa shauri la fidia ya utingo liliwagharimu zaidi ya bei ya pampu.

Ndugu Makatibu, andikeni kipimo cha vali ya kila trekta katika daftari la mitambo, pamoja na tarehe ya kupimwa na jina la fundi. Pampu ikibadilishwa, vali nayo ipimwe kwa geji siku hiyo hiyo. Na mpira wa pili ukiombwa katika msimu mmoja, hati isitiwe saini kabla ya kuambatishwa karatasi ya fundi inayoonyesha geji ilisoma kilo ngapi. Karatasi hiyo nitaiulizia nitakapokuja.