Sikio Hujaa Kwanza

Fundi mmoja wa simu wa Kariakoo alinijia jioni moja baada ya kufunga kibanda chake, vidole bado vinanuka moshi wa kuchomea nyaya. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Kiingereza nakisoma, nakiandika, hata mtihani wa kidato cha nne nilipata B. Lakini mteja mgeni akisimama mbele yangu, kinakwama hapa." Akajigusa koo.

Kilio hicho nimekisikia miaka yote niliyofundisha lugha, kwa mabinti wa mapokezi hotelini, kwa vijana wa chuo, kwa wazee wanaotaka kuzungumza na wajukuu waliozaliwa ughaibuni. Wote huomba dawa moja: nifundishe kuongea. Nami huanza na swali jingine. Ni kitabu gani cha lugha hiyo ulichokisoma mpaka ukurasa wa mwisho bila kulazimishwa na mtu? Fundi alifikiri, akatikisa kichwa. Na filamu? Filamu anazipenda sana, ila huangalia zile zenye DJ wa kutafsiri, ambaye sauti yake ya Kiswahili hufunika kila kinachosemwa. Kwa hiyo Kiingereza chote alichonacho ni cha ubaoni: nyakati za vitenzi, jaza nafasi zilizo wazi, andika kinyume cha neno. Alikuwa anadaiwa maneno na ulimi ambao sikio halijawahi kuuwekea akiba.

Mazungumzo hayakupi nafasi ya kupiga hesabu. Ukisema "kiti", basi "kimevunjika" kinakuja chenyewe kabla hujapumua. Kama umekulia kwenye Kiswahili, hakuna aliyekukaririsha jedwali la ngeli ndipo ukaruhusiwa kuongea. Jedwali ulilikuta shuleni, na wewe ulikuwa ukiongea zamani. Ulichokuwa nacho ni viti, vikombe na vijiko vilivyotajwa mbele yako maelfu ya mara, kila mara huku ukiona kinachotajwa: kilete, kioshe, kimeanguka, kiko wapi. Sikio likazoea, na siku ulimi ulipotaka, ukakuta njia imeshalimwa.

Mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, ndiye aliyelitetea wazo hili kwa nguvu zaidi, hasa katika miaka ya 1980. Alisema lugha hutuingia pale tunapoelewa ujumbe, na kukariri kanuni kunasaidia kidogo sana. Wenzake wamebishana naye mpaka leo, na mimi pia kuna mahali ninapotengana naye, nitapafikia. Lakini katika maneno yake, lililo zito ni "tunapoelewa".

Tazama Kilingala. Afrika Mashariki tumecheza muziki wa Kongo tangu enzi za babu zetu. Wapo watu wanaouimba "Mario" wa Franco, uliotoka mwaka 1985, mwanzo hadi mwisho, na hawawezi kuomba maji kwa Kilingala. Saa zote zile za kusikiliza zimewapa mdundo na matamshi mazuri, lakini maana haikuingia kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuibeba. Ila mpe mtu huyohuyo kisa chenyewe, kwamba kuna kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri naye kijana anamtesa mwanamke huyo, kisha sikilizeni wimbo pamoja. Utamwona anaanza kuinua kichwa: "Kumbe hapo ndipo anaposema..." Kisa kimefungua mlango. Sauti bila maana ni mvua juu ya bati.

Hapo ndipo raha inapoingia kazini, na naomba isichukuliwe kama sukari ya kumbembelezea mtoto dawa. Neno geni halikai kichwani kwa kukutana nalo mara moja. Linahitaji kurudi tena na tena, mara nane, mara kumi na zaidi, na kila linaporudi liwe na wenzake tofauti. Maneno ya kawaida mno hurudi yenyewe. Familia 2,000 za mwanzo za maneno ya Kiingereza (neno na vinyambuo vyake ni familia moja) hubeba karibu maneno 80 katika kila 100 ya maandishi ya kila siku. Yanayobaki hurudi kwa nadra, na kwa hesabu ya mtafiti Paul Nation wa New Zealand, anayetaka kusoma riwaya bila kuhangaika anahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Kukutana na neno la nadra mara kumi kunadai kurasa nyingi kupindukia. Mtu wa kujilazimisha atachoka njiani. Anayetaka kujua nani ameua, au kama binti atakubali posa, atazimaliza kurasa hizo na kuomba nyingine.

Jambo hili lilipimwa kwenye shule za vijijini huko Fiji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Warwick Elley na Francis Mangubhai walichukua wanafunzi 380 wa darasa la nne na la tano katika shule nane zilizokuwa karibu hazina vitabu, kila darasa likapewa vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza, vya picha, vya kuvutia. Wenzao 234 waliendelea na masomo yao ya kawaida. Baada ya miezi minane, watoto wa hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kuelewa wanachosoma na wanachosikiliza kwa kasi mara mbili ya kawaida. Baada ya miezi 20 faida ilikuwa imeongezeka na kuenea kwenye stadi nyingine za lugha. Kila ninapoingia shule zetu na kukuta vitabu vya hadithi vimefungiwa kabatini, visichakae, huyakumbuka madarasa yale na moyo unaniuma.

Kitabu kiwe rahisi kuliko unavyodhani unastahili. Utafiti wa Nation na mwenzake Hu, wa mwaka 2000, ulionyesha kwamba ili msomaji aelewe hadithi peke yake anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Kwa ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno sita mageni. Mimi huwaambia wanafunzi wahesabu kwa vidole: vya mkono mmoja vikiisha na ukaanza mkono wa pili, rudisha kitabu hicho, chukua kingine. Watu wazima huona aibu kushika kitabu cha watoto. Aibu hiyo imewanyima wengi lugha.

Na kamusi ikae mbali kidogo. Kató Lomb, Mhungaria mwenye shahada ya kemia aliyekuja kufanya ukalimani katika lugha nyingi, alijifunza Kirusi kwa kusoma riwaya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuonekana na kitabu cha Kirusi Budapest siku zile kulikuwa hatari, hivyo alimpa mjalidi kurasa za riwaya ya Gogol azishonee ndani ya ensaiklopidia ya Kihungaria, akawa anazisoma kwenye handaki la kujikinga na mabomu. Kamusi ya Kirusi isingewezekana kufunuliwa mle, basi akazoea kuliruka neno asilolijua na kulikisia kwa majirani zake. Uzoefu wa hofu ukawa mbinu aliyoisifia maisha yake yote.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo jicho letu huiamini kila herufi. Ukikutana na "island" kwenye kitabu tu, kichwani utaisoma "i-s-landi", na siku Mwingereza akiitamka bila ile s utadhani ametaja kitu kingine. Ndiyo maana kusoma peke yake hakutoshi. Soma sura, kisha isikilize sura hiyohiyo ikisomwa, macho yakifuata mistari. Kesho yake isikilize tena kitabu kikiwa kimefungwa, kwenye daladala au unapoosha vyombo.

Sasa pale ninapotengana na Krashen. Huko Kanada, tangu 1965, watoto wa wazazi wanaoongea Kiingereza wamekuwa wakifundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Mtafiti Merrill Swain aliwachunguza, na mwaka 1985 akaandika kwamba kwa kuelewa walikuwa wamewakaribia sana watoto wa Kifaransa wenyewe, ila wakiongea na kuandika walibaki na makosa ya sarufi yasiyokwisha. Walikuwa wamesikia sana, na mara chache tu walikuwa wamelazimika kulifikisha jambo wenyewe mpaka lieleweke barabara. Basi akiba ya sikio ikishajaa, mtu atafute mahali pa kuongea panapomgusa: biashara, mapenzi, mpira, dini. Waulize wauza vinyago wa Malindi Kiitaliano wamekitoa wapi.

Fundi wangu nilimwazima *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Aliimaliza kwa siku nne, akaja akicheka kwamba nguruwe mmoja anamfahamu, ni mhasibu wa chama chao cha kuweka na kukopa. Ndipo nikampa *Animal Farm* yenyewe, kwa Kiingereza. Ina maneno yapata 30,000. Kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, dakika 20 kila usiku, ni majuma mawili na siku moja. Yeye ilimchukua mwezi, kwa sababu alikuwa akirudia. Siku aliyofika pale farasi anapochukuliwa na gari, alinipigia simu usiku. "Mwalimu, nimelia. Halafu nikakumbuka kumbe nasoma Kiingereza."

Alisoma vitabu vinane vingine, vyembamba vyote, na filamu za DJ akaziacha, akawa anaangalia zenye maandishi ya Kiingereza chini. Miezi kadhaa baadaye nilipita kibandani kwake, nikamkuta na mama mmoja mgeni. Fundi alikuwa amefunua simu ya mama huyo na kumwonyesha betri iliyovimba, akimweleza kwamba kioo kitapona lakini betri ile isichajiwe tena, hata usiku mmoja. Kitenzi alikikosea mara mbili. Yule mama akaiacha simu mezani, akauliza arudi saa ngapi.