Tovuti Safi Si Kinga

“Mtaalamu, mimi siingii tovuti za ovyo. Nasoma magazeti, naangalia akaunti ya benki, basi. Ya nini nihangaike kusasisha kivinjari?” Nimeulizwa hivyo na mhasibu, nikaulizwa na mwalimu, na wiki iliyopita nimeulizwa na daktari ambaye kompyuta yake ndiyo inayofungua mafaili ya wagonjwa. Leo najibu kwa urefu, maana imani iliyomo ndani ya swali hili inawaumiza watu makini kuliko wazembe.

Wanaamini kwamba virusi hukaa mahali pachafu, na asiyepita huko havimpati. Si kweli. Ukurasa wa gazeti hautoki kwa gazeti peke yake. Matangazo yake huletwa na mitandao ya matangazo, nayo huyapokea kwa madalali ambao mhariri hawajui hata kwa sura. Machi 2016 wahalifu walipenyeza matangazo yenye sumu kupitia njia hiyo, yakatokea kwenye kurasa za New York Times, BBC na ligi ya NFL ya Marekani. Msomaji hakuhitaji kubofya chochote. Tangazo lilipofunguka tu, kivinjari kilivutwa kimyakimya hadi kwenye seva ya wahalifu, ikakagua programu-jalizi zake: Flash ni toleo gani? Silverlight je? Ikikuta toleo bovu, inaingiza programu ya kufunga mafaili na kudai kikombozi. Na pengo la Silverlight lililotumika Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Januari mwaka huohuo. Waliosasisha walikuta mlango huo umeshafungwa. Usafi wa tovuti haukumsaidia mtu.

Wenye Mac nao wasijitoe. Februari 2012 Oracle ilitoa kiraka cha Java. Apple, iliyokuwa ikisambaza yenyewe Java ya Mac, ilikifikisha kwa wateja wake Aprili. Katika wiki hizo za katikati kirusi Flashback kilipita kwenye pengo hilohilo, kikisambaa kupitia blogu za kawaida zilizodukuliwa, na kikaambukiza Mac zaidi ya 600,000.

Shikeni jambo moja hapa. Kiraka kikishatolewa, wahalifu hulinganisha toleo la zamani na jipya na kuona hasa palipozibwa. Kuanzia siku hiyo udhaifu si siri tena, na kila anayesema “nitasasisha mwezi ujao” anabaki na mlango ambao ramani yake iko mikononi mwa wezi. Kwa hiyo msiniulize tena kama tovuti ni safi. Niulizeni kivinjari chenu ni cha lini.

Sasa ya kufanya, haraka. Fungua menyu ya kivinjari, nenda kwenye msaada, kisha “kuhusu”: kitajikagua na kupakua toleo jipya. Kwenye simu, sasisha kupitia duka la programu. Kama unaogopa bando, ngoja Wi-Fi, lakini usizime sasisho. Flash iondoe kabisa. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Dirisha likikurukia katikati ya tovuti na kudai usasishe Flash, lifunge: Oktoba 2017 kirusi Bad Rabbit kilisambaa Urusi na Ukraine kwa hila hiyohiyo. Windows 7 haipati Chrome mpya tangu mwanzoni mwa 2023, basi hamia mfumo unaohudumiwa. Viendelezi usivyovitumia, futa. Vingi vina ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, na mmiliki wa kiendelezi anaweza kukiuza kwa mtu mwingine usijue. Kiendelezi cha The Great Suspender kiliuzwa 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi.

La mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote: funga kivinjari chote, ukifungue upya. Kiraka kilichopakuliwa hakifanyi kazi mpaka hapo. Nilipoiangalia kompyuta ya yule daktari, kiraka kilikuwa kimeshashuka siku nyingi. Kilikuwa kinamsubiri afunge vichupo vyake thelathini. Tulivifunga pamoja, ikatuchukua chini ya dakika moja.