Pumu na Dawa Inayoonewa Haya

Ndugu zetu wa Saboti, chini ya Mlima Elgon, huamka kwenye baridi kali, wakapika kwa kuni, na msimu wa kuvuna mahindi vumbi huwatanda. Baridi, moshi na vumbi huchochea pumu. Nasi wa pwani tusijione salama: moshi wa udi na ubani majumbani mwetu nao humbana pumzi mwenye maradhi haya.

Pumu ni kuvimba na kubana kwa njia za hewa mapafuni. Haiambukizi. Dawa zake za kuvuta kwa kinywa, yaani inhela, aghalabu ni za namna mbili. Moja hutuliza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku kama alivyoagiza daktari, hata mgonjwa akijihisi mzima. Ya pili hufungua pumzi shambulio linapozuka. Wako wazazi wanaoificha kwa haya, au kwa kudhani humfanya mtoto awe mtumwa wa dawa. Dhana hiyo si kweli, na huhatarisha roho.

Mtoto akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, mbavu zikididimia au midomo ikigeuka rangi, aketishwe wima, apewe dawa ya kufungua pumzi, na akimbizwe hospitali.

Na Ramadhani je? Wanazuoni wamehitilafiana iwapo inhela hubatilisha saumu. Ama mgonjwa anayechelea madhara, aya ya 185 ya Suratul Baqara imemruhusu kufungua, akalipa siku nyingine. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia. Basi inhela ya mwanao na iwe karibu naye, nyumbani na madrasa.

Wabillahi tawfiq.