Ritifaa ya ng' katika hifadhidata ya kamusi

Anayetayarisha kamusi ya Kiswahili ili isomwe kwenye intaneti hukuta mara nyingi ya kwamba maneno kama ng'ombe, ng'oa na ng'ambo yanapotea au kuharibika, hali maneno mengine yanatokea barabara. Chanzo ni ritifaa. Kuifuta si dawa, kwani ndiyo inayotenganisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma. Twaeleza hapa matatizo matatu na namna ya kuyatambua.

1. Ritifaa iliyonyooka. Katika lugha ya SQL, alama hiyohiyo hufunga maandishi. Programu ikibandika neno ng'oa ndani ya amri, seva huona maandishi yamekwisha baada ya ng, nayo huikataa amri. Mwenye nia mbaya aweza pia kupenyeza amri zake kwa njia hiyo. Dawa ni amri iliyoandaliwa mapema, ambayo neno hupelekwa kando yake. Katika PHP, PDO hufanya kazi hiyo. Data za zamani huenda zikawa na ng\'oa: mkwaju huo uliongezwa na magic_quotes, iliyoondolewa katika PHP 5.4 mwaka 2012.

2. Ritifaa iliyopinda. Programu za kuandikia hugeuza ' kuwa ’. Katika UTF-8 alama hii ni baiti tatu: E2 80 99. Faili ikisomwa kama Windows-1252, kila baiti huwa herufi, na msomaji huona ngâ€™ombe. Kwa hiyo faili, muunganisho, jedwali na ukurasa sharti vitumie msimbo mmoja. Katika MySQL, utf8mb4 ndiyo kawaida tangu toleo 8.0 (2018), kabla yake ilikuwa latin1.

3. Ritifaa mbili pamoja. Kwa kompyuta, ' na ’ ni herufi mbalimbali. Anayetafuta kwa moja hapati neno lililoandikwa kwa nyingine. Ichaguliwe moja, na maneno yote yageuzwe yanapoingizwa.

Ili kutambua kosa, neno lichunguzwe kwa HEX(). Jibu 27 ni ritifaa iliyonyooka. E28099 ni iliyopinda na nzima. C3A2E282ACE284A2 laonyesha ya kwamba uharibifu umekwisha kuingia ghalani. Baiti zikiwa nzima na ukurasa mbovu, kosa litafutwe katika muunganisho, msimbo uliotajwa kwa jedwali, au ukurasa wenyewe.

Zaidi ya yote, hifadhidata inakiliwe kabla ya kurekebishwa. Alama â€™ zaweza kurudishwa, lakini alama? ikishika mahali pa herufi, haielezi tena ilikuwa herufi gani.